Sura ya Nne: Nani Huulizwa Ushahidi?

Watu wa kila daraja, wasomi na wasiosoma, wamekuwa wakiuliza swali moja ambalo majibu yake hayajawatosheleza: ikiwa sheria imeandikwa kwa watu wote, na hakimu ameapa kutompendelea yeyote, kwa nini aghalabu mnyonge ndiye anayetoka mahakamani mikono mitupu, ilhali mwenye nafasi anatoka na hukumu iliyopigwa muhuri? Wapo wanaojibu upesi kwamba hakimu amekula rushwa. Rushwa ipo, na adhabu yake imeandikwa; lakini jibu hilo halitoshi, maana kama lingekuwa ndilo jibu lote, basi kila penye hakimu mwadilifu pangekuwa na insafu kamili, na historia ya mahakama zetu yaonyesha mara nyingi kwamba hakimu mwenye elimu na hofu ya Mungu, aliyeifuata sheria herufi kwa herufi, ametoa hukumu iliyomwacha mnyonge pale pale alipokuwa.

Liko swali la pili, ambalo huulizwa na wazazi wenye kulipa karo. Kijana aliyekwenda chuo kikuu kusoma sheria, wanasema, ana haja gani ya kusoma habari za mashamba ya karafuu, za wake walioachwa, na za watu wasiojua kuandika, badala ya kuhifadhi vifungu akarudi nyumbani kuwa wakili? Nitayajibu maswali haya mawili kwa pamoja, kwa kuwa naona jibu lake ni moja. Sheria ni nadra kumkabili mtu na kumwambia, "Wewe huna haki." Humwambia, "Thibitisha." Na vyombo vya kuthibitishia, yaani hati, mashahidi, nauli, wakati na lugha ya mahakama, havikugawanywa kwa usawa baina ya waja.

Elimu yenyewe ni ipi

Elimu ya sheria na jamii ni taaluma inayoichunguza sheria baada ya kutoka kitabuni: inamfikia nani, inamruka nani, na inawaachaje watu waliopitiwa nayo. Anayesoma sheria peke yake huuliza kifungu kinasema nini. Anayesoma sheria na jamii huuliza swali hilo hilo, kisha akauliza pia, kifungu hicho kilipoanza kutumika, ni nani aliyekuwa na shamba na nani aliyekosa.

Huko Marekani, ambako kwa kawaida mtu haingii shule ya sheria mpaka amalize shahada ya kwanza, yaani ile ya awali ya chuo kikuu, vijana husoma mambo haya katika idara za historia, siasa na elimu ya jamii, na wanazuoni wao waliunda chama cha taaluma hii mwaka 1964. Sisi wa Afrika ya Mashariki tulirithi desturi ya Kiingereza, ambayo humtoa kijana sekondari na kumtia moja kwa moja katika shahada ya sheria. Desturi hiyo ina fadhila yake, kwani hupunguza miaka na gharama. Lakini ina taksiri kubwa, nayo ni kwamba kijana hufundishwa namna ya kugawa mali ya mirathi kabla hajapata kuona ndugu wakigombana juu ya kaburi bichi, na hufundishwa mikataba kabla hajapata kukopa.

Kitivo cha sheria cha chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU lililoko Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi 14. Sheria ndiyo iliyokuwa somo la kwanza la chuo hicho. Sababu yake si siri: kabla ya hapo, Mwafrika aliyetaka kuwa wakili ilimlazimu avuke bahari aende Uingereza, na Waafrika wa Tanganyika waliofanikiwa kufanya hivyo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, hata kamati iliyoongozwa na jaji wa Kiingereza, Lord Denning, ikapendekeza elimu hiyo itolewe Afrika yenyewe. Nchi ilikuwa inaingia katika uhuru na maelfu ya kurasa za sheria ambazo wenyeji hawakuziandika, na ambazo watu wa kuzisoma walikuwa karibu hawapo.

Chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964, ukazuka mjadala ambao mpaka leo haujaisha. Baadhi ya walimu walitaka sheria ifundishwe kama ilivyofundishwa London, kwa hoja kwamba wakili asiyejua kuandika mkataba ulio sawa hawezi kumsaidia tajiri wala maskini. Wengine, miongoni mwao Yash Ghai, mzaliwa wa Kenya, na baadaye Issa Shivji, walitaka kila sheria isomwe pamoja na historia ya uchumi uliomzaa mtungaji wake. Na katika kilima hicho hicho Walter Rodney alikuwa akifundisha historia kwa namna iliyowafanya wanafunzi wa sheria wasiweze kuitazama tena hati ya ardhi kwa macho ya kale. Mimi naona kundi la kwanza lilikuwa na hofu ya haki, na kundi la pili lilikuwa na elimu iliyo kubwa zaidi. Mwanafunzi aliyehifadhi vifungu bila kuijua jamii ni nahodha aliyehifadhi ramani na hajapata kuuona mwamba; lakini yule aijuaye jamii asiyejua kifungu, huyo hata chomboni hajapanda.

Konokono wa Paisley

Hakuna mwanafunzi wa sheria wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ambaye hajakutana na konokono. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi, akanywa, na alipomiminiwa kilichobaki, alidai, akaona mabaki ya konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mtengenezaji wala na mwenye duka, maana aliyelipa ni rafiki. Na kwa sheria ya siku zile mtu aliyedhuriwa na bidhaa bila ya kuwa na mkataba aghalabu hakuwa na wa kumdai. Mwaka 1932 majaji wakuu wa Uingereza waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu, yaani sharti la kisheria la kujihadhari asimdhuru mtu ambaye anaweza kutabiri kuwa atadhurika, hata kama hawajapata kuonana.

Hapo ndipo mwalimu wa kawaida hufunga daftari. Kanuni imepatikana, mtihani utaiuliza, na konokono amekwisha kazi yake. (Kwa hakika hakuna mahakama iliyopata kuamua kama huyo konokono alikuwamo chupani, shauri lilimalizwa kwa mapatano kabla ushahidi haujasikilizwa.) Mwanafunzi wa sheria na jamii hubaki darasani kidogo na kuuliza: mwanamke huyu, ambaye alikuwa mfanyakazi wa duka, alifikaje mbele ya majaji wakuu wa ufalme mzima? Alifika kwa kuapa kwamba, ukiondoa nguo zake na shauri lenyewe, mali yake yote ulimwenguni haifikii pauni tano. Ilimpasa athibitishe umaskini wake kabla hajaruhusiwa kuthibitisha haki yake. Kanuni hii, ambayo leo humlinda mnywaji wa soda wa Tandale na wa Kawangware, ilipatikana kwa kuwa nchi moja ilikuwa na utaratibu wa kumpokea fukara mahakamani bila ya kumtoza dhamana ya gharama. Na ni haki kujiuliza ni kanuni ngapi za namna hiyo hazikuzaliwa katika nchi nyingine kwa sababu fukara alirudishwa mlangoni.

Mwambao wetu, 1897 na 1908

Tusiende mbali, maana mwambao wa Afrika ya Mashariki una mifano iliyo bora kuliko ya Scotland, nayo huumiza zaidi.

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani wa Unguja, Seyyid Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza waliokuwa walinzi wa dola yake, alitia saini amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria za visiwa vya Unguja na Pemba. Vitabu vingi vya shule huishia hapo na kuandika kwamba utumwa ulikwisha. Soma amri yenyewe kwa utulivu, msomaji wangu, nawe utastaajabu. Mtumwa hakuwekwa huru kwa kuchomoza kwa jua la siku hiyo. Mtu aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani akaudai. Bwana aliyethibitisha kwamba alimmiliki mtu kwa halali alistahili fidia. Aliyemilikiwa hakustahili fidia yoyote. Badala yake alitakiwa, mara tu akiandikwa kuwa huru, aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo ahesabiwe kuwa mzururaji, yaani mtu ambaye kosa lake ni kutokuwa na mahali pa kukaa. Na masuria, wanawake waliowekwa nyumbani na mabwana zao, wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909.

Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa mali, atayapata wapi makao yaliyo yake? Jibu lilikuwa moja, nalo lilijulikana na kila aliyeshiriki kuitunga amri ile: kwa bwana wake wa jana. Hivyo maelfu wakabaki katika mashamba ya karafuu, wakiruhusiwa kulima muhogo na migomba kati ya miti, kwa malipo ya kupalilia. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na mpaka ambao kila mwenye shamba aliulinda kwa bidii, nao ni kwamba mkaazi wa namna hiyo asipande mti wa kudumu. Muhogo huvunwa ukaisha. Mkarafuu au mnazi husimama miaka sitini, na kila anayepita huuliza ni wa nani. Kwa desturi ya pwani, mti ni ushahidi. Aliyekatazwa kupanda mti alikatazwa kuwa na shahidi wa baadaye, na mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya watumwa waliogeuka wakaazi wa mashamba ya watu, ameyaeleza mambo haya kwa urefu ambao sura yangu haiwezi kuubeba.

Sasa vuka mkondo uende bara, katika ule ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ambao ulikuwa milki ya Sultani chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka 1908 serikali ilitunga sheria ya hati za ardhi. Maneno yake yalikuwa ya upole na ya kumhusu kila mtu: yeyote adaiye kwamba ardhi ni yake, aje mbele ya msajili katika muda uliowekwa, alete dai lake na ithibati zake, naye atapewa cheti, na ardhi isiyodaiwa, au ambayo dai lake halikuthibitika, itahesabiwa kuwa ya serikali.

Fikiria watu watatu wakilisikia tangazo hilo. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa Mombasa au Malindi, ambaye sandukuni mwake mna waraka wa mauzo ulioandikwa kwa hati za Kiarabu mbele ya kadhi, wenye majina ya mashahidi wawili. Wa pili ni Mgiriama, ambaye wazee wake wamelima mahali hapo kabla hajazaliwa, na ambaye dalili zake ni mwembe, makaburi, na kumbukumbu za wazee wanaokaa kitako na kuitaja mipaka bila kukosea. Wa tatu ni mtu aliyekuwa mtumwa, ambaye bwana wake alimwonyesha kipande cha shamba kwa mkono na kumwambia, "Kaa hapa wewe na wanao." Sheria ilikuwa moja kwa wote watatu, na msajili yawezekana alikuwa mtu mwema. Wa kwanza alirudi na cheti. Wa pili aliambiwa kwamba nchi ya kabila lake iko ndani zaidi, mbali na bahari. Wa tatu hakwenda kabisa, kwa kuwa hakuwa na cha kuonyesha. Mwaka 1914 Wagiriama walipambana na serikali kwa silaha, na ingawa kodi, kazi ya lazima na kuhamishwa kutoka kaskazini ya mto Sabaki ndiyo yaliyowasha moto, suala la nani anatambuliwa kuwa na nchi lilikuwa limetangulia kuwaka chini ya majivu.

Sheria hiyo ya 1908 ilibaki katika vitabu vya Kenya hadi mwaka 2012. Wale waitwao maskwota wa pwani, ambao kila uchaguzi huahidiwa hati, wengi wao ni wajukuu na vitukuu vya mtu wa pili na mtu wa tatu. Atakayeitazama Kilifi au Kwale leo bila kuijua sheria ile atadhani kwamba watu hao ni wavivu au wavamizi. Na hiyo ndiyo faida ya kwanza ya elimu hii, kwamba humzuia msomi kumsingizia maskini makosa ya karatasi.

*Kwa mukhtasari wa tulikofika:* sheria yaweza kumwita kila mtu kwa jina moja na bado ikawatenga baadhi, pindi inapochagua aina moja ya ushahidi, kama waraka, na kuikataa aina nyingine, kama mti au kumbukumbu za wazee.

Kazi ya nyumbani mbele ya majaji

Je, wanaoamua ushahidi ni upi hawabadiliki? Hubadilika, na mara nyingine hubadilika kwa sababu mtu mmoja alikataa kunyamaza.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo, ndoa inapovunjwa, wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Neno "kazi" liko pale kifunguni. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi majaji walihitilafiana: wengine walisema kupika, kufua, kulea na kuangalia nyumba ni kazi, wengine wakasema hayo ni wajibu wa mke na hayawezi kuhesabiwa kuwa mchango, kwa hiyo nyumba iliyonunuliwa kwa mshahara wa mume ni ya mume. Mwaka 1983 shauri la mwanamke mmoja wa Dar es Salaam, aliyekuwa mke wa nyumbani na ambaye alishindwa mahakama ya mwanzo na Mahakama Kuu, lilifika Mahakama ya Rufani. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango halisi katika kuchuma mali ya ndoa.

Kila mwanafunzi wa sheria Tanzania huijua hukumu hiyo, na huitaja kwa furaha. Wachache huisoma mpaka mwisho. Mwanamke yule, ambaye jina lake sasa ni jina la kanuni, hakupata fungu katika nyumba: mahakama iliona kwamba wakati wa ndoa mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha shughuli ya kuifaa familia, naye hakuzitumia kwa makusudi hayo, basi fedha hizo zikahesabiwa kuwa fungu lake alilokwisha kulichukua. Maelfu ya wanawake wamefaidika kwa shauri ambalo mwenyewe alilishindwa. Sijui mfano ulio bora zaidi wa kumfundishia kijana tofauti baina ya kushinda kanuni na kushinda kesi.

Mifano mingine nitaipita haraka. Huko Mwanza, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mila ya Kihaya iliyomkataza mwanamke kuuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizokuja baada ya tume ya ardhi iliyoongozwa na Shivji kuzunguka nchi, zimeandika wazi kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Na katika umri wa ndoa, ambapo sheria ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi huku mvulana akitakiwa afikishe 18, mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu mwaka 2016 akashinda, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Hapa kifungu chenyewe kilikuwa na upungufu, nao ulionekana kwa macho. Ndiyo maana ukaweza kushitakiwa. Ule unaojificha katika masharti ya ushahidi hauna kifungu cha kukishitaki.

Mzoefu na mgeni wa mahakama

Mwaka 1974 mwanazuoni wa Kimarekani, Marc Galanter, aliandika makala akijiuliza kwa nini wenye nacho hutangulia. Aliwagawa wadaawa, yaani watu wenye mashauri, katika mafungu mawili: wale wanaokuja mahakamani mara moja maishani, na wale ambao mahakama ni sehemu ya shughuli zao za kila siku.

Chukua mwuza nyanya aliyegongwa na daladala akavunjika mguu, naye anaidai kampuni ya bima. Kwake yeye hilo ni shauri la pekee, na kila juma linalopita ni juma la kula akiba. Kwa kampuni, ni jalada moja katika mamia. Kampuni ina wakili wa kudumu, inayo fomu ambayo yenyewe iliiandika, yawajua makarani kwa majina, na iko tayari kulipa upesi mashauri yale ambayo yakifika juu yataweza kuzaa kanuni mbaya kwake, ili yabakie yale inayoweza kuyashinda. Baada ya miaka kadha wa kadha, kanuni zilizoandikwa katika ripoti za mahakama ni zile ambazo mzoefu alizichagua ziandikwe. Hakuna aliyehongwa katika hadithi hii.

Kwa Tanzania liongezwe la lugha. Mahakama ya mwanzo imekuwa ikisikiliza kwa Kiswahili siku zote, lakini mtu alipokata rufaa na kupanda juu, shauri lake lilivaa Kiingereza, na mwenye shauri akaketi akisikiliza habari za shamba lake kama zinavyosikilizwa habari za nchi ya mbali. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua kubwa kuliko wengi walivyoitambua, japokuwa hukumu za miaka sitini nyuma, ambazo mawakili huzitegemea kila siku, zingali katika Kiingereza na hazitajitafsiri zenyewe.

Mwanamke mbele ya kadhi

Msomaji aliyefika hapa aweza kudhani kwamba nasema sheria ni mtego wa matajiri na basi. Sivyo, na mfano wa kunikanya mimi mwenyewe unatoka pwani ya Kenya.

Susan Hirsch, mwanaanthropolojia, yaani msomi wa mienendo na desturi za watu, alikaa katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi akisikiliza mashauri ya ndoa, na mwaka 1998 akatoa kitabu. Kila aliyelelewa pwani ajua kwamba mke hufundwa kusubiri na kuisitiri nyumba yake, na kwamba mume anaweza kuivunja ndoa kwa talaka. Mtu angetazamia basi kwamba mahakama inayohukumu kwa sharia ya dini ingekuwa mahali ambapo mwanamke hushindwa. Hirsch aliona kinyume chake: wanawake walikuja kwa wingi kuliko wanaume, walisimulia taabu zao, na aghalabu waliondoka na walichokifuata, iwe ni nafaka na nguo walizonyimwa au ni kuvunjwa kwa ndoa. Lakini hapakukosekana gharama, kwa maana mwanamke aliyeyatoa mambo ya ndani mbele ya watu alionekana, hata na waliomhurumia, kuwa amevuka mpaka wa adabu.

Siri ya ushindi huo, kwa fikira yangu, iko katika ushahidi uliokubaliwa. Mahakama ya kadhi ilipokea simulizi. Haikumtaka mwanamke alete waraka wa kuthibitisha kwamba alilala na njaa. Ilimtaka aeleze, na wazee na majirani wakaitwa kueleza. Penye sheria inayopokea kile ambacho mnyonge anacho, mnyonge hushinda mara nyingi.

Namna ya kuanza

Elimu hii haisomwi kwa vitabu peke yake, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haihitaji fedha nyingi. Mlimani, kamati ya msaada wa sheria ya chuo imekuwa ikiwapokea watu wasio na uwezo wa kulipa wakili tangu zamani, na wanafunzi waliosaidia pale walijifunza zaidi ya waliyofundishwa. Anayetaka kuanza peke yake na afanye haya:

- Achague kifungu kimoja kifupi kinachogusa watu wa mtaani kwake, kama cha kodi ya pango, mirathi au matunzo ya mtoto.
- Aandike kila kitu ambacho kifungu hicho kinamtaka mtu athibitishe, na mbele ya kila kimoja aandike ni nani katika mtaa huo anacho.
- Ahesabu gharama zisizo za wakili: nauli, siku za kazi zilizopotea, picha za hati, chakula cha mashahidi.
- Atafute, kwa heshima na bila ya kutaja majina ya watu, wale wenye haki hiyo ambao hawakwenda mahakamani kabisa.

Hilo la mwisho ndilo gumu na ndilo lenye thamani, kwa sababu majalada ya mahakama huhifadhi habari za waliokuja tu, na msomi anayeyategemea majalada peke yake atakuwa ameiandika historia ya wenye hati.

Na kwa mzazi mwenye wasiwasi wa riziki nasema kwamba kijana aliyesoma hivi haachi kuwa wakili: mtihani ni ule ule, na baada ya shahada atapita katika mafunzo ya vitendo kama wenzake wote. Tanzania sasa ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliofunzwa kuwasaidia wananchi katika mambo ya sheria bila ya kuwa mawakili. Kazi hiyo iko vijijini na mijini, na inahitaji watu wanaojua kusikiliza kabla ya kutaja kifungu.

Kwa hiyo, kijana, usingoje mwaka wa tatu. Mahakama ya mwanzo iliyo karibu nawe husikiliza mashauri yake hadharani, na kukaa katika benchi la wasikilizaji hakuna ada.